Nafasi ya Farasi Mmoja

Tsuyako Kuramoto hawezi kumwona ng'ombe asiye na jina akatulia. Ni ugonjwa wa watu wote wa huku Tokachi, kaskazini mwa Japani, maana mtu anayeamka saa kumi na nusu alfajiri kila siku ya Mungu kumkamua mnyama yule yule, atamwita namba? Lakini kwa Tsuyako ugonjwa umezidi. Nimewahi kuwa naye garini akasimama kando ya shamba la watu, akashusha kioo, akamuuliza mwenye shamba yule mwenye baka jeupe juu ya jicho anaitwa nani. Alipoambiwa bado hana jina, akampa palepale, akapandisha kioo, tukaendelea na safari.

Mimi naitwa Hatsue, mtunza ukumbi wa mtaa. Kazi yangu ni funguo, jiko la mafuta, birika la chai, na kugombana na wazee wanaoacha viatu vyao katikati ya mlango. Tsuyako ana miaka sabini na mitatu, na namjua tangu niolewe hapa. Yeye aliletwa bi harusi akiwa na ishirini na mitatu, akapewa ndoo siku ya pili, na hakuiweka chini kwa miaka arobaini na saba. Mumewe alipofariki, watu walisema atauza mifugo mwaka uleule. Aliendelea peke yake miaka mitano mingine, mpaka magoti yakamgomea.

Siku ya kuuza nilikuwepo. Ng'ombe ishirini na sita. Alikataa katakata watu wa lori wasiguse kamba, akawapandisha mwenyewe, mmoja mmoja, na kila mmoja akamtajia dereva jina lake. Dereva alikuwa anaandika namba za kwenye vibati vya masikio tu. Nilitamani nimpokonye ile kalamu nimwandikie majina kwa mkono wangu. Tsuyako hakulia. Alifagia zizi tupu hadi jioni, na kesho yake akalifagia tena.

Baada ya hapo akawa anakuja ukumbini Jumanne na Ijumaa kama wenzake, saa nne hadi saa sita, ananyoosha viungo, anakunywa chai, anarudi nyumbani. Ukimsemesha anajibu. Usipomsemesha, hasemi. Niliishi naye hivyo karibu miaka miwili, na nakiri ilinichosha roho.

Vuli iliyopita ofisi ya mji ikatuletea mashine kumi na mbili za mchezo, eti akili za wazee zisilale. Nilikasirika kwanza, maana waya zote zile nani atazikunja? Mchezo wenyewe ni ule wa kuachwa porini mikono mitupu. Dunia yake ni ya vipande vya mraba: miti ya mraba, mawe ya mraba, hata jua. Unakata mti, unachimba, unajenga, unalima, ilimradi usife. Ukizubaa hadi giza likukute bila taa, majitu yanakutokea na kukunyang'anya roho. Wote walicheza katika dunia moja, bonde lenye mto, na juu yake uwanda mpana wa nyasi wenye baridi. Tukaliita Bonde, basi.

Wazee walilipokea kila mtu na tabia yake. Mama Naka, aliyekuwa mpishi wa shule miaka thelathini, alijenga jiko kabla ya kujenga nyumba, akalala nje siku tatu akiuawa na kufufuka kila usiku huku anacheka. Tsuyako, wiki mbili za mwanzo, alikaa na pedi ya mchezo, ile yenye vitufe, mapajani kama mtu aliyeachiwa mtoto wa jirani. Halafu siku moja, akitafuta njia ya kurudi kijijini, akakutana na ng'ombe amesimama kwenye nyasi. Akaweka kikombe chini.

“Hatsue-san, huyu wa nani?”

Nikamwambia si wa mtu, amezuka tu.

“Ng'ombe hazuki,” alisema. “Ng'ombe anazaliwa.”

Ilibidi nisome kitabu cha maelekezo ili nimjibu, na ndiyo ikawa mara yangu ya kwanza kukifungua. Ni kweli, huko wanyama huzuka. Wapole huzuka juu ya nyasi, penye mwanga. Wabaya huzuka gizani. Na hawazuki mbele ya macho yako. Lazima mtu awe mbali nao hatua ishirini na nne, ila asizidi mia na ishirini na nane. Kwa hiyo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona mnyama akizuka. Unatazama, hakuna kitu. Unazunguka kilima, unarudi, yupo, anakula nyasi kana kwamba hata babu yake alikuwa akila hapo hapo. Na watu wote wakiondoka upande ule wakaenda mbali, naye hutoweka. Isipokuwa ukimtia kibati cha sikio chenye jina. Mwenye jina hatoweki kamwe, umsahau hata mwaka.

Nilimsomea Tsuyako hayo yote, na nikamwona akiinua kichwa kwenye ile sentensi ya mwisho. Siku ileile alichimba chuma, akafua vibati.

Mpaka Mwaka Mpya alikuwa na ng'ombe ishirini na sita katika zizi refu la mbao, wamepangwa kushoto na kulia kama lile zizi lake. Hakumwambia mtu chochote. Mimi nilipita tu nyuma yake kumimina chai, nikasoma majina juu ya vichwa vyao: Fubuki, Koyuki, Hanayo, Mitsu. Nikayakumbuka, kwa sababu niliyasikia yote siku ya lori. Nilirudi jikoni nikajifanya natafuta sukari.

Na alianza kuongea. Alimweleza Mama Naka jinsi ya kumkamua Mitsu ambaye ni mkaidi, wakati ng'ombe wa mchezo hana ukaidi, unabonyeza kitufe maziwa yanatoka. Mama Naka, Mungu ambariki, akawa anaitikia kwamba kweli, huyu Mitsu leo ana mambo. Mimi nilimpenda Mama Naka siku ile kuliko ndugu zangu.

Sasa nije kwa mzee Iwabuchi, maana bila yeye nisingeandika. Ana miaka themanini na minne, alilima maharage na viazisukari maisha yake yote, na ulimi wake unaweza kukwaruza sufuria. Baba yake alifyeka mashamba ya huku kwa farasi mmoja wa mizigo, wale wakubwa wenye kwato kama sahani. Trekta la kwanza lilipokuja, Iwabuchi alikuwa na miaka kumi na tisa, na ndiye aliyetumwa kumpeleka farasi kwa mnunuzi. Habari hiyo aliwahi kuisema mara moja tu, tukinywa sake, pombe ya mchele, ya kufunga mwaka, kisha akabadilisha mazungumzo.

Kwenye kitabu kuna ukurasa unaosema kwamba katika nyanda za juu zenye baridi, mara chache sana, huzuka farasi wa mizigo. Nilipousoma kwa sauti, Iwabuchi alikoroma. Akasema anataka amwone huyo farasi, ajue kama waliouchora mchezo wamewahi kuona mguu wa farasi au walisimuliwa tu. Basi tangu katikati ya Januari, kila Jumanne na Ijumaa, alipanda uwandani na kutembea huku na huko. Hakujenga, hakulima. Chakula alipewa na Mama Naka. Wenzake wakimtania kwamba anachunga upepo, anawajibu kwamba upepo una akili kuliko wao.

Katikati ya Machi akatuambia, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba Jumamosi ya mwisho ya mwezi binti yake anakuja kumchukua kwenda kukaa naye mjini Sapporo. Nyumba inafungwa. Akasema, bila kutuangalia, angalau huyo farasi angeharakisha kidogo.

Nilikwenda nyumbani nikiwa na hasira, sijui na nani. Siku mbili theluji ilitufungia ndani, nikakisoma kile kitabu mwanzo hadi mwisho, hata maandishi madogo ya nyuma. Na huko nyuma ndiko nilikokuta. Bonde zima lina nafasi za wanyama wapole thelathini tu. Zikijaa, hakizuki kitu tena, si kuku, si farasi, mpaka nafasi ipatikane. Nilichukua kalamu nikahesabu. Ng'ombe wa Tsuyako ishirini na sita. Kondoo watatu wa Mama Naka. Na jogoo mmoja tuliyempa jina la mkuu wa zamani wa posta kwa sababu ya mwendo wake. Thelathini kamili, na wote wana majina.

Mzee wa watu alikuwa ametembea uwandani miezi miwili akitafuta mnyama asiyeweza kuzuka. Mchezaji wa kwingine asingefikwa na balaa hili, maana mtu wa mjini akimwona ng'ombe anaona kitoweo na ngozi. Sisi tu ndio tunaoweza kuijaza dunia majina mpaka ikakosa pa kuweka farasi.

Nilianza kwa Mama Naka kwa kuwa ni rahisi. Sikumweleza zaidi ya kondoo na jogoo. Nilimwambia nafasi zimejaa. Mwenye jina hatoweki na haachiliki. Njia ni upanga tu. Jumanne Mama Naka alikata kondoo wake watatu na mkuu wa posta kwa dakika moja, akawachoma, akatugawia. Nikawasihi wengine kwa kunong'ona, Iwabuchi asisikie: chochote kitakachozuka, msikipe jina, tafadhali, kikiwa si farasi tutakwenda mbali kitoweke, tujaribu tena. Wakaitikia kwa vichwa, kwa adabu kubwa.

Nilikwenda kuongeza mafuta kwenye jiko. Niliporudi, kulikuwa na kuku wawili, kondoo, na nguruwe, na wote wanne wana vibati.

“Alikuwa ananiangalia,” Mama Naka alisema. “Ningemwacha hivihivi?”

Nguruwe alikuwa anaitwa Botan. Nilitoka nje nikasimama kwenye theluji mpaka hasira ikashuka.

Ikabaki kumwambia Tsuyako. Nilimwendea nyumbani jioni ileile, nikamkuta anakata figili za chumvi. Aliniwekea sahani, na kiazi cha moto chenye siagi, nikala kwanza kwa sababu nilikuwa mwoga. Kisha nikamweleza yote, na hesabu nikamwonyesha: farasi huzuka mara chache mno, nafasi nne hazitoshi kwa siku zilizobaki, zinahitajika nyingi. Akaitazama ile karatasi kwa muda mrefu. Nje ya dirisha lake kuna zizi lile la kweli, na theluji juu ya paa haijaparuliwa.

“Unataka niwatoe tena,” alisema.

Nikasema sitaki. Nimesema tu jinsi ilivyo.

“Mara ya kwanza niliwapandisha lori. Hii mara ya pili niwakate shingo, kwa mkono wangu, ili Iwabuchi-san aone farasi wa kuchorwa.”

Akanifungia figili nyingine kwenye mfuko, akanisindikiza mlangoni, akasema nitembee vizuri, njia ina barafu. Ijumaa hakuja ukumbini. Ni mara ya kwanza tangu auze mifugo. Iwabuchi alitembea uwandani saa mbili zote akiwa hajui chochote, na kila alipopita nyuma ya kilima nilijiona kama mwizi.

Jumanne Tsuyako alikuja, akavua viatu akavipanga, akakaa, akawasha mashine. Nilimwona akitoa kamba. Akaingia zizini, akamfunga Fubuki, akamwongoza nje, akazunguka naye nyuma ya ghala asikoonekana na wenzake, na akasema jina lake kwa sauti ya kawaida. Halafu akarudi peke yake. Akamfunga Koyuki. Nilisimama nyuma yake na birika mkononi, nikashindwa kumimina na nikashindwa kuondoka.

Alikuwa amefikisha tisa mzee Iwabuchi alipochungulia skrini yake.

“Tsuyako-san, unafanya nini huko?”

“Nasafisha zizi.”

Iwabuchi akanigeukia mimi. Sijui kudanganya, uso wangu hauniruhusu. Nikamwambia: nafasi thelathini, majina, farasi, yote. Akaweka pedi mezani.

“Acha,” alimwambia Tsuyako. “Mimi nilitaka niwacheke waliomchora tu.”

“Miezi miwili unatembea kwenye baridi ili ucheke?”

Akavua miwani, akaipangusa.

“Lakini wale ni wako,” akasema mwishowe. “Ni wale wale. Unafikiri sisi hatusomi?”

Kumbe walijua. Ukumbi mzima ulijua, na hakuna aliyefungua mdomo miezi yote ile. Tsuyako hakugeuka.

“Wangu walikwenda na lori, Iwabuchi-san. Hawa niliwapa majina kwa hofu ya kuyasahau. Leo asubuhi nikipiga mswaki nimeyataja yote ishirini na sita, kwa mpangilio wao wa zizini, na sikukosa hata moja.” Akamfunga wa kumi kamba. “Majina ninayo. Wewe farasi wako huna.”

Mzee aliinuka, akachukua koti, akaondoka bila kunywa chai yake. Niliona amekasirika, au ameumia, na nilijilaumu. Zilibaki siku tatu. Kama asingekuja Ijumaa, ng'ombe kumi wangekuwa wamekufa bure.

Ijumaa nilipofika kufungua, Tsuyako alikuwa tayari mlangoni, theluji mabegani. Aliniomba nimwashie mashine kabla ya wakati. Nilimwacha peke yake nikaenda kusugua bafu ambalo nilikuwa nimelisugua jana yake. Wenzake walipoingia saa nne, zizi lilikuwa wazi pande zote mbili na ndani hamna kitu. Mama Naka alilitazama, akashika upanga wake, akaenda kumkata Botan na wale watatu wengine. Hakuchoma nyama. Alikuwa analia waziwazi, anapangusa kwa aproni.

Iwabuchi aliingia saa nne na dakika ishirini. Akatazama skrini ya Tsuyako kwa muda, akainamisha kichwa mbele yake, chini kabisa, kama tunavyoinama msibani. Tsuyako akainama vilevile. Halafu akamwambia avae miwani yake, muda unakwenda.

Tukapanda uwandani wote kumi na wawili, na mimi nikiwemo, ingawa huwa sichezi. Kazi ilikuwa hii: tunatembea hatua mia mbili kuelekea mashariki, wote pamoja, ili vilivyozuka vitoweke, tunarudi magharibi, tunakagua kilichozuka upya. Kondoo. Kuku. Tunageuza. Nguruwe, kondoo, kondoo. Tunageuza. Mama Naka vibati vyake vyote nilimpokonya nikavitia kwenye sanduku langu. Kila safari tulikuwa tunapiga hesabu kwa sauti kama kwenye mazoezi ya viungo, moja mbili tatu nne, geuka. Ng'ombe nao walizuka, wawili, watatu, wageni kabisa. Tsuyako aliwapita bila kupunguza mwendo, ila nilimwona akigeuza kichwa kidogo.

Saa tano na nusu hakuna farasi. Saa tano na dakika arobaini hakuna. Watu wakaacha kuhesabu. Nilianza kutunga maneno ya kumwambia mzee, na yote yalikuwa ya kipumbavu.

Aliyemwona ni Iwabuchi mwenyewe. Alikuwa amebaki nyuma, kwa sababu hata kwenye mchezo hutembea polepole, na aligeuka tu kutazama alikotoka. Sote tulisikia pedi yake ikigonga meza.

Alikuwa wa kahawia, mkubwa kuliko nyumba ya Mama Naka, manyoya meupe kwenye vifundo, amesimama kwenye nyasi kana kwamba ametuona sisi ndio tuliozuka. Iwabuchi akamsogelea mpaka karibu kabisa, akamzunguka mara moja, akainama kutazama chini.

“Miguu wameikosea,” akasema.

Akakaa pale, kando ya farasi, dakika kumi na tano zilizobaki, haendi popote, na sisi tulijitafutia vitu vingine vya kutazama.

Karibu na saa sita Mama Naka alinidai kibati kimoja, cha farasi. Mwenye jina hatoweki, na huyu hakuna aliyetaka atoweke. Tukampa Iwabuchi. Akakikataa.

“Baba yangu alikuwa na sheria. Farasi anapewa jina na anayemlisha. Mimi kesho niko Sapporo.” Akamnyooshea Tsuyako kidole. “Mpe wewe. Wewe ndiye uliyelipa.”

“Mimi mtu wa ng'ombe,” Tsuyako alijibu. “Farasi ni wako. Siwezi kumpa jina farasi wa mtu.”

Wakakaa hivyo, wakaidi wawili, kila mmoja anatazama mbele, mpaka saa sita ikagonga na mimi nikalazimika kuzima. Tukizima, Bonde lote hulala pamoja nasi, hakitoweki kitu. Hatari ni tukiwasha: watu wakienda shambani na mtoni, farasi asiye na jina akabaki peke yake, kwisha habari yake. Nilimwambia Iwabuchi hilo mlangoni, akivaa viatu. Akasema anajua. Akasema amemwona, inatosha. Jumamosi gari la binti yake lilipita mbele ya ukumbi, nikapunga mkono mpaka likapotea.

Jumanne iliyofuata ubao wa mtaa ulinifikia asubuhi, ule unaopita nyumba hadi nyumba wenye matangazo ya takataka na mazishi. Chini ya tangazo la kuparua theluji kulikuwa na karatasi mpya, mwandiko wa Tsuyako. Zamu ya farasi. Majina yetu kumi na moja, siku, na saa, nusu saa kila mtu, asimame ndani ya hatua thelathini. Kila mtu alikuwa ameshagonga muhuri wake kuonyesha amesoma. Kwetu ukishagonga muhuri kwenye ubao umekwisha kukubali, na mimi nikagonga wangu.

Zamu yake mwenyewe aliiweka ya kwanza na ya mwisho. Nilimuuliza mpaka lini. Akasema amekamua mara mbili kwa siku miaka arobaini na saba, na kusimama kando ya farasi asiyehitaji hata majani ni likizo. Nikamuuliza kwa nini asimpe jina tu, yaishe. Akaniangalia kama nimemwambia aibe.

Aprili ikaisha hivyo. Theluji ikayeyuka, watu wakarudi mashambani, ukumbini tukabaki sita, zamu zikawa ndefu, hakuna aliyelalamika. Tsuyako alikuwa anasimama pale na pedi mkononi huku anawasimulia wenzake habari za Hanayo, ambaye aliwahi kula kofia ya daktari wa mifugo. Alikuwa anacheka kabla ya kufika mwisho wa hadithi.

Ijumaa moja ya Mei, saa nne na robo, maandishi yakatokea chini ya skrini zetu kwamba mzee Iwabuchi ameingia Bonde. Binti yake alikuwa amemtafutia mashine. Tulimwona kwa mbali akipanda uwandani kwa mwendo wake uleule. Halafu akasimama, mbali kidogo, hakusogea tena. Herufi zikaanza kuja moja moja.

“Bado yupo?”

Farasi alikuwa nyuma ya kilima, haonekani kutoka alipo. Tsuyako aliandika kwa kidole kimoja.

“Yupo.”

“Nani anamlisha?”

“Sisi. Kwa zamu.”

Nikamimina chai kwenye vikombe vyote kabla herufi hazijarudi.

“Basi mpeni jina nyie.”

Tsuyako akanitazama, nikampa kibati kutoka kwenye sanduku langu. Hakufikiri hata kidogo, alikuwa nalo tayari. Akamtia sikioni, na juu ya kichwa cha farasi likatokea: Teizo.

Nilishtuka. Ni jina la mzee mwenyewe, lake la kuzaliwa, ambalo mimi nalijua kwa kuwa liko kwenye daftari la wanachama. Sisi tumemwita Iwabuchi-san, jina la ukoo na heshima juu yake, maisha yetu yote. Mtu mzima wa miaka themanini na minne haitwi hivyo, kavukavu, na majirani. Mama Naka aliziba mdomo. Mzee akazunguka kilima, akamfikia farasi, akasimama. Nilihesabu pumzi zangu, nikawa na hakika tumemuudhi.

Kisha herufi zikaja, polepole kuliko zote.

“Tangu mke wangu afariki hakuna aliyeniita hivyo.”

Tsuyako aliisoma mara mbili, midomo yake ikitikisika. Akavuta kiti karibu na meza, akaandika.

“Basi tutakuita sisi. Jumanne na Ijumaa.”